Kinywa cha Mkwe

Kwetu Kigoma mwanamume halali nyumba moja na mama mkwe wake kama ana njia ya kuepuka. Hakuna anayekukataza; ni haya tu, na sisi tumelelewa nayo. Brussels haikuniuliza habari za haya. Tulikuwa tumepanga ghorofa ya tatu, Ixelles, katika jengo lisilo na lifti, vyumba viwili vya kulala na sebule iliyokuwa pia jiko. Mama wa mke wangu alipoletwa kutoka Bukavu, moyo wake ukiwa umeshachoka, watoto walihamia sebuleni, yeye akapewa chumba chao, na mimi nikajifunza kukohoa kabla sijafungua mlango wa bafu.

Mke wangu anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee na huondoka asubuhi na mapema. Mimi ni mlinzi katika jengo la ofisi karibu na kituo cha Schuman na zamu yangu huanza alasiri. Kwa hiyo kila asubuhi, watoto wakiwa shule, tulibaki wawili, mimi na mama mkwe. Mwanzoni nilikuwa naweka chai mezani, namwamkia, kisha najifungia chumbani mpaka saa ya kazi. Alinivumilia wiki chache. Siku moja akaniita, akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kivu, "Mukwe, huku hakuna kwa kukimbilia. Ikaa tunywe chai." Nikakaa. Tangu siku hiyo tulikunywa pamoja, yeye kwenye kochi na mimi kwenye kiti cha karibu na mlango, na tukazoeana kadiri mkwe na mkwe wanavyoweza kuzoeana.

Alikuwa ameuza vitenge sokoni Kadutu karibu maisha yake yote. Alizungumza kama mtu aliyezoea kupatana bei, bila haraka na bila kurudi nyuma. Moyo wake ulikuwa umepanuka na kulegea, miguu ikivimba, mapafu yakijaa maji kila alipokula chumvi kwa siri. Alikula chumvi kwa siri mara nyingi.

Karatasi ilianzia hospitali, mara ya kwanza alipolazwa. Kwenye kitanda cha jirani alikuwepo bibi mmoja Mbelgiji ambaye moyo wake ulisimama mchana kweupe. Watu walikuja mbio, wakavuta pazia, na mama mkwe wangu akasikia yote yaliyotendeka nyuma ya lile pazia. Yule bibi alirudi, kama wanavyosema, lakini alirudi bila kujijua. Alikuwa anatazama dari na kutoa sauti, wanawe wakimwita jina, yeye hana habari. Mama alituhadithia tulipokwenda kumwona. "Banamutwanga kama sombe," alisema, yaani kisamvu, na mkono wake ukaonyesha mchi unavyopanda na kushuka. Kisha akasema yeye hataki.

Daktari wake wa moyo alikuwa mzee mpole, karibu na kustaafu. Alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda ili wazungumze. Mimi nilitaka kutoka, kwa kuwa mambo ya mwili wa mama mkwe si ya kusikia mimi, lakini mama akasema nibaki. Kifaransa chake kilimtosha. Alisema kwamba moyo wake ukisimama, wauache. Daktari akamwuliza kama ameelewa maana yake. Akajibu kwamba amezika mume na watoto na anaelewa. Kisha mama akamwuliza daktari swali, nalikumbuka kwa sababu lilikuwa swali la mfanyabiashara. Je, kama moyo haujasimama, kama anaumwa tu, watamtibu? Daktari akasema bila shaka, watamtibu kama mtu yeyote. Yakaandikwa, mama akatia sahihi kubwa, na tulipofika nyumbani mke wangu akaibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kazini kwake walifundishwa kwamba watu wa ambulensi huangalia hapo.

Yanayonikasirisha mpaka leo yalianza asubuhi moja ya mvua, mama akiwa nyumbani muda mrefu bila matatizo. Nilisikia anakohoa chumbani, kikohozi cha majimaji. Nilibisha hodi, hakuitika, nikaingia. Alikuwa ameketi kitandani ameinama mbele, mikono imeshika magoti, anavuta hewa kama mtu anayetolewa ziwani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Nilimwekea mito mgongoni na kupiga simu ya dharura.

Walikuja upesi, siwezi kuwasema kwa hilo. Wanaume wawili, mmoja wa umri wangu na mwingine kijana zaidi, wamepanda ngazi zote na mizigo yao. Mkubwa alipiga magoti mbele ya mama, akamwekea barakoa ya oksijeni, akampima, akaongea naye vizuri. Aliniambia gari la daktari lilikuwa njiani. Nikampa orodha ya dawa. Akauliza kama kuna karatasi nyingine yoyote ya hospitali ambayo wanapaswa kuiona. Nilijibu kwa uaminifu, kama mtu anayejua kwamba nyumba yake imepangwa vizuri. Nikamwonyesha friji.

Alisoma amesimama. Nilimwona anavyobadilika. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mpole zaidi, na upole wenyewe ndio ulionitisha. Mikono yake iliacha haraka. Alishika redio yake na kusema, kwa sauti ya chini lakini mimi ni mlinzi na redio nazijua, kwamba mgonjwa ana amri ya kutofufuliwa, gari la daktari linaweza kupelekwa kwingine. Kisha akanigeukia akaniambia kwamba wangempeleka hospitali taratibu na kwamba wangehakikisha hateseki.

Nilimwambia hajafa. Alisema anajua, na kwamba wanaheshimu uamuzi wake. Nikamwambia uamuzi wake ni wa moyo kusimama. Akasema ndiyo, bwana, tunaelewa, ni vigumu kwa familia.

Mama alikuwa anatutazama kwa zamu. Aliinua barakoa kwa vidole viwili, akaniuliza banasema nini. Nikamwambia. Alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kupata ya kutosha kusema.

"Baambie miye siko nakufa. Niko nakosa pumuzi. Moyo iko natembea."

Nikawatafsiria neno kwa neno. Kijana alimtazama mkubwa wake. Mkubwa akamrudishia mama barakoa usoni na kumpapasa bega.

Walimshusha kwenye kiti cha kubebea, ngazi za ghorofa zote tatu, kwa uangalifu mkubwa. Ambulensi ikaenda bila king'ora. Nilikaa mbele karibu na dereva na kila taa nyekundu tulisimama. Chaussée d'Ixelles asubuhi imejaa mabasi na watu wa kwenda kazini, na sisi tukaingia kwenye foleni kama wao.

Hospitali, ile karatasi ilitangulia kutajwa kabla ya jina lake. Walimpeleka chumba cha mwisho wa ukumbi, penye pazia na kiti kimoja cha mgeni, wakamwachia oksijeni ileile. Muuguzi alikuja kuniuliza kama tungependa kuitiwa padri. Mama, ambaye wakati huo jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye shuka, alisikia neno hilo. "Padri wa nini?" aliniuliza. "Nilitubu juzi." Kisha hakuweza kusema tena, akawa anapumua tu.

Niliomba daktari. Wakasema anakuja. Nikaomba tena. Nilikuwa nimevaa kaptura na ndala na jaketi la kazi juu yake, mtu mweusi anayerudia sentensi moja kwenye meza ya mapokezi ya dharura, na naijua sura hiyo kwa sababu kazini kwangu mimi ndiye huwa nasimama upande wa pili wa meza.

Mke wangu alifika na sare ya kazini. Hakupiga kelele. Alimtazama mama yake, akatoka, akampigia simu yule daktari wa moyo moja kwa moja, na akasimama katikati ya ukumbi mpaka mzee yule alipoteremka kutoka wodini kwake. Daktari aliingia, akafungua pazia, na sijawahi kumwona mtu mpole akigeuka vile. Aliwauliza waliokuwepo kama wanajua kusoma. Akaagiza mashine yenye barakoa inayosukuma hewa kwa nguvu, dawa za kutoa maji, sindano, na watu wakaanza kukimbia, wale wale waliokuwa wakitembea. Jioni mama alikuwa anaomba chai na kulalamika kwamba haina ladha.

Daktari alituomba radhi. Alisema yalikuwa matatizo ya mawasiliano. Alisema karatasi za namna ile husomwa vibaya, watu huona "asifufuliwe" na wanasikia "asitibiwe", jambo ambalo amepambana nalo kwa miaka. Alisema kwa masikitiko ya kweli. Nilimshukuru, maana ndiye aliyemwokoa, lakini nilijiuliza kama alikuwa anajua kwa miaka, mbona hakutuambia siku ile aliyokaa ukingoni mwa kitanda.

Mama alirudi nyumbani amepungua. Alikuwa anahitaji kushikwa kutoka kitandani hadi kwenye kochi, na figo zake, ambazo hapo awali zilikuwa nzima, zikawa kitu cha kufuatiliwa kila wiki. Jambo la kwanza alilofanya ni kumwomba mke wangu ampe ile karatasi. Akaichana vipande vidogo juu ya mapaja yake. Mke wangu alimsihi. Alimweleza kwamba wangeweza kuandika nyingine nzuri zaidi, yenye maelezo, inayosema wafanye kila kitu isipokuwa kukandamiza kifua. Mama akatikisa kichwa. "Karatasi, batasoma neno moja, bataacha ingine," alisema. Hakutaka karatasi ya aina yoyote nyumbani. Mke wangu alifurahi, nadhani, ingawa hakusema. Kwake ilimaanisha kwamba mama yake ameamua kuishi.

Asubuhi iliyofuata, kwenye chai, mama akasubiri mpaka nilipokaa.

"Mukwe, sikiliza. Karatasi nilipasua. Neno yangu sikupasua. Siku moyo itasimama, usiache banitwange. Utabaambia na kinywa yako."

Nilishtuka. Nilimwambia kwamba hilo ni jambo la binti yake, mimi si wa kuambiwa.

"Ule atalia," akasema. "Mutoto akiona mama yake chini anasahau yote. Weye ni mukwe. Utabaki na akili."

Nilimwomba basi amwambie binti yake kwamba ameniambia. Akasema atamwambia. Sijui kama alisahau au aliona haraka ya nini. Mimi nami sikumwambia mke wangu, kwa kuwa lilikuwa neno la mama kwa mwanawe na si langu kulipeleka, na kwa kuwa ningeanzaje? Nakuja mezani, namwambia mke wangu kwamba mama yake amenikabidhi kifo chake mimi? Kuna mambo ambayo mkwe hayatamki hata akiishi Ulaya miaka mia.

Tukaingia majira ya kuchipua. Mama alipata nafuu kidogo, akawa anakuja mwenyewe mezani akishika ukuta. Siku hiyo alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, dirisha liko wazi, mimi naosha vyombo nimempa mgongo. Nilisikia sinia linaanguka. Nilipogeuka alikuwa sakafuni, punje za mchele zimetapakaa mpaka chini ya friji.

Nilipiga simu. Watu wameniuliza kwa nini nilipiga. Mtu akianguka mbele yako unapiga simu, ndivyo mkono unavyofanya. Sikujua kama amezimia, kama ni kiharusi, kama ni nini. Mwanamke aliyepokea akaniuliza kama anapumua. Niliweka sikio karibu na mdomo wake. Sijawahi kuwa karibu hivyo na uso wake. Hakuwa anapumua. Mwanamke yule akaniambia, kwa sauti tulivu ya kazi, niweke viganja katikati ya kifua na nikandamize kwa nguvu, yeye angenihesabia. Nilimwambia mgonjwa alikataa jambo hilo. Akasema timu iko njiani, wakati nasubiri nikandamize. Akaanza kuhesabu.

Sikukandamiza. Nilikaa sakafuni juu ya mchele nikamshika mkono, na simu ikawa inahesabu peke yake karibu na goti langu.

Safari hii walikuja wote, ambulensi na gari la daktari kwa pamoja, watu wanne ndani ya jiko letu. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Nilisimama kati yao na mama nikasema kwa Kifaransa nilichokuwa nimekiandaa kichwani tangu ile asubuhi ya chai, kwamba mama huyu hataki kufufuliwa, alisema wazi, alinipa mimi neno hilo nilifikishe kwenu.

Daktari alikuwa ameshapiga magoti. "Kuna karatasi?"

"Ilikuwepo. Aliichana."

"Aliichana mwenyewe?" Aliniangalia mara moja. "Basi alibadili mawazo."

"Hapana, hakubadili."

"Wewe ni mwanawe?"

"Mkwe."

Daktari akamrudia mama. Hakuwa na dharau. Hakuwa na muda tu. Mmoja wa wale wanaume, mtu mkubwa wa mwili, alinishika mabega na kunisogeza hadi ukumbini kama mtu anayesogeza kabati la thamani. Nilisikia mkasi ukipita kwenye kitenge chake. Nikaugeuzia uso ukuta, maana hata siku hiyo sikuweza kumtazama mama mkwe wangu kifua wazi. Lakini masikio hayana pa kugeukia. Nilisikia mbavu. Nilikuwa sijui kwamba mbavu zina sauti.

Nilirudia kutoka pale ukutani kwamba hataki. Nilirudia mara nyingi. Hakuna aliyenikatiza wala kunijibu, na baada ya muda nikaacha.

Moyo ulirudi. Niliwasikia wakiambiana, na nikasikia furaha katika sauti zao, furaha halali ya watu waliofanya kazi ngumu ikafaulu. Yule mkubwa wa mwili alikuja kuniambia, "Tumempata." Walipokuwa wanashusha machela alibaki nyuma kidogo kwenye ngazi kuchukua mfuko. Alikuwa ametota jasho. Aliniambia bila kunitazama sana, "Mimi nakuamini, bwana. Lakini kazi hii haifanywi kwa kuamini." Safari hii king'ora kililia mpaka mwisho wa mtaa, na magari yote yakapisha.

Mama alikaa siku kadhaa katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mpira mdomoni, mashine ikimpumulia. Kifua chake kilikuwa kimegeuka rangi kutoka shingoni hadi tumboni. Mke wangu ndiye aliyeniambia, maana mimi niliishia kusimama miguuni mwa kitanda. Macho yalikuwa nusu wazi. Yule daktari mzee wa moyo alikuja pia. Alisimama nasi, akasema kwa huzuni kwamba laiti kungekuwa na karatasi. Nilimtazama. Nadhani alisikia maneno yake mwenyewe, maana aliinamisha kichwa na kuanza kusoma namba za kwenye mashine.

Ukumbini, mbele ya mashine ya kuuza kahawa, nilimwambia mke wangu kila kitu, chai, neno, na kila kilichotokea jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea ukuta.

"Alikuambiaka kweli?" aliniuliza.

Nikasema kweli. Nikarudia maneno ya mama kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chao, ili asikie sauti yake ndani yake.

"Na mbona hakuniambia miye?"

"Alisema ungelia."

Alikuwa analia tayari. Nikatamani nisingesema hilo.

Madaktari walipoeleza kwamba ubongo hautarudi, mke wangu alikubali mashine izimwe. Mimi sikuulizwa, mkwe hana sahihi. Alikufa adhuhuri, mwanawe akimwimbia masikioni.

Matanga yalifanyika Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, katika ukumbi wa kanisa nyuma ya saluni, wanawake kwenye mikeka na wanaume kwenye viti vya plastiki. Watu walijaa. Habari zilikuwa zimetutangulia; sijui zilitoka kwa jirani wa chini aliyesikia kupitia ngazi, au kwa mke wangu mwenyewe katika maombolezo yake, na sijauliza. Mjomba wa mke wangu, mdogo wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Liège. Ni mtu wa heshima. Aliniita nikae karibu naye, akaongea kwa upole ili nisiaibike, ingawa kila mtu alikuwa kimya kutusikiliza.

"Beau-fils," alisema, akiniita mkwe kwa Kifaransa, "banasema ulifungia docteur njia."

Nilimweleza. Nilimweleza habari za karatasi ya kwanza na ile asubuhi ya mvua, nikamweleza chai. Alinisikiliza akichezea kofia yake.

"Bon," akasema. "Lakini maman alipasua karatasi. Mutu anapasua juu ya kutaka kuishi."

Wanaume wakaguna kukubali. Ni hoja nzuri. Ningekuwa mimi niliyekaa kwenye kiti kingine ningeikubali. Nilitazama upande wa mikeka. Mke wangu alikuwa ameketi kati ya shangazi zake, kitambaa kimefika kwenye nyusi, na alikuwa amesikia kila neno. Nilisubiri aseme. Sentensi moja tu ingetosha, hata "mama alikuwa na maneno yake na mkwe wake." Alishusha macho, na shangazi mmoja akaanzisha wimbo.

Baadaye nilikwenda kulalamika hospitali. Kuna mama mmoja pale ambaye kazi yake ni kusikiliza watu kama mimi, na alinisikiliza vizuri, katika ofisi yenye maua ya plastiki. Aliniahidi kuulizia. Nilipoitwa tena alinieleza kwamba timu ya kwanza iliheshimu matakwa ya maandishi ya mgonjwa, na timu ya pili, kwa kukosa matakwa ya maandishi, ililinda uhai wake. Alisema hakuna aliyekosea. Inawezekana ni kweli, na hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza. Ningepata mtu mmoja wa kumchukia, hata yule mkubwa wa ambulensi ya kwanza na upole wake, ningelala. Lakini kila mmoja alinitendea vizuri. Wote walikuwa na adabu. Mama mkwe wangu alitaka vitu viwili vilivyo wazi, atibiwe akiumwa na aachwe akifa, akafanyiwa kinyume cha vyote viwili na watu wenye adabu.

Nyumbani maisha yakaendelea. Watoto walirudi kwenye chumba chao. Mimi na mke wangu hatukugombana. Hakuniuliza tena lile swali la kule hospitali, na ningependelea angeuliza kila siku. Anaponipakulia chakula, anaponisimulia habari za kazini, najikuta namtazama nikijaribu kujua anaamini nini, na yeye hushughulika na sahani.

Mwaka huu, Jumamosi moja, tukiwa tunakunja nguo, aliniambia kwamba amekwenda kwenye ofisi za komuni, yaani manispaa yetu, kuandikisha matakwa yake mwenyewe ya matibabu, ya siku atakaposhindwa kujisemea. Kazini kwao wengi wamefanya hivyo. Nilimwambia ni vizuri. Akasema inabidi pia umtaje mtu atakayesema kwa niaba yako. Niliendelea kukunja shuka, nikingoja. Akamtaja mfanyakazi mwenzake, mwanamke wa Kibelgiji wanayepokezana naye zamu.

Alisema hataki kunibebesha mzigo. Alisema wanashauriwa wasichague mtu wa ndani ya nyumba, kwa sababu ya uchungu. Nikasema ni sawa, ni busara. Tukamaliza shuka, yeye akishika ncha mbili na mimi mbili, akachukua upande wangu akaweka kabatini.

Namba ya simu ya mwanamke huyo sina, wala sijui anaishi mtaa gani. Siku nikihitaji kumpata, itabidi nimwulize mke wangu.